Skuta inayokula mafuta kidogo: nani hasa atafaidika akiinunua

Kila mwezi bei mpya za mafuta zikitangazwa, na mamlaka za nishati, ZURA kwa huku kwetu Unguja na Pemba, na EWURA kwa upande wa Bara, mazungumzo ya barazani hurudi pale pale. Mwenye gari anasema atalipaki anunue skuta. Mwenye pikipiki anasema ataiuza achukue skuta mpya, kwani kasikia lita moja inafika kilomita hamsini. Kijana anayebanwa kwenye daladala kila asubuhi anasema akipata skuta tu, yeye na nauli basi tena. Wote watatu wanataka chombo kimoja kwa sababu moja, lakini hesabu zao hazikaribiani. Wa kwanza ataokoa pesa ya maana. Wa pili ataingia hasara. Wa tatu hataokoa kitu mfukoni, ila atajinunulia muda, na huenda muda huo ukawa na thamani kwake kuliko pesa yenyewe.

Nataka tuzifungue hesabu hizo moja moja, kwa sababu skuta ni chombo kizuri, na inaniuma kuona mtu anaingia mkopo wa miaka miwili kwa kufuata namba moja iliyoandikwa kwenye tangazo.

Kilomita ngapi kwa lita?

Namba ya kwenye tangazo hupatikana katika mazingira ya kuchagua. Chombo huwekwa juu ya rola, au huendeshwa barabara tambarare kwa mwendo usiobadilika, kina dereva mmoja, tairi zimejaa upepo sawasawa, na injini ni mpya. Foleni ya Darajani saa moja na nusu asubuhi haimo. Mtoto wa kushushwa skuli hayumo, wala mtungi wa gesi uliosimamishwa katikati ya miguu. Ndiyo maana skuta ya cc 110 au 125 inayotangazwa kwa kilomita 55 au 60 kwa lita, ikitumika mjini kila siku, mara nyingi hukaa kati ya 40 na 50. Hiyo bado ni nzuri sana. Gari dogo la petroli kwenye foleni hiyo hiyo likifika kilomita 10 au 12, mwenyewe hushukuru.

Linalowashangaza wengi ni kwamba kwa mafuta skuta haiishindi pikipiki ya kawaida. Boxer au TVS za cc 100 hadi 150, hizi zinazobeba abiria mchana kutwa, zimo kundi lile lile, na ya cc 100 ikitunzwa vizuri huipita skuta. Sababu yake imo ubavuni mwa skuta.

Mwambie fundi akufungulie kile kifuniko kirefu cha upande wa kushoto. Hutaona cheni wala gia za kubadilisha kwa mguu. Utaona puli mbili, moja mbele kwenye injini na moja nyuma karibu na gurudumu, na mkanda mnene wa mpira umezizunguka. Ndani ya puli ya mbele kuna virola vidogo. Injini ikizunguka kasi, virola husukumwa nje, vinabana kuta za puli, na mkanda unapanda juu. Puli ya nyuma nayo inaachia, mkanda unazama ndani. Hivyo gia zinabadilika zenyewe bila kituo, na wewe kazi yako ni kuzungusha mkono wa mafuta na kushika breki. Raha hiyo ina bei. Mkanda wa mpira unasuguana na puli na kutoa joto, na joto hilo ni petroli uliyoinunua. Klachi nayo huteleza kila unapoondoka kwenye mataa. Cheni iliyotiwa oili haipotezi kiasi hicho. Kwa hiyo anayenunua skuta ananunua wepesi wa kuendesha kwanza, na mafuta kidogo ni la pili.

Yapo mengine yanayokula mafuta ambayo yamo mikononi mwa dereva mwenyewe. Kubwa ni mwendo. Nguvu ya upepo unaokuzuia huongezeka kwa mraba wa mwendo: ukitoka kilomita 40 kwa saa ukafika 60, upepo unakuzuia mara mbili na robo. Juu ya skuta mtu hukaa wima, kifua mbele, na kama amevaa kanzu au baibui linalopepea basi ndiyo zaidi. Dereva anayekwenda mwendo wa 45 barabara ya Tunguu na yule anayekimbiza 70 hawatapata kilomita sawa hata skuta zao zikiwa zimetoka kiwanda kimoja siku moja. Baadaye kuna upepo wa tairi. Magurudumu ya skuta ni madogo, na tairi dogo likilegea hubonyea sana na kuivuta injini nyuma. Kichujio cha hewa kilichojaa vumbi, plagi iliyochoka na breki inayogusa bila kushikwa, kila kimoja huchukua chake.

Ukitaka kujua skuta inakula kiasi gani, usiiamini mishale ya dashibodi. Nenda sheli, isimamishe kwa stendi kubwa ili isiegemee upande, jaza tenki mpaka uone petroli imegusa shingo, kisha andika kilomita. Endesha kama unavyoendesha siku zote. Tenki nyingi za skuta huchukua lita 5 hivi, kwa hiyo rudi kabla ya kukaukiwa. Rudi sheli ile ile, pampu ile ile, stendi ile ile, jaza mpaka shingoni vile vile. Kama umekwenda kilomita 180 na imeingia lita 4.3, gawa: ni karibu 42 kwa lita. Fanya hivyo mara tatu upate wastani, maana mara moja inaweza kudanganya. Jamaa mwenye skuta ya aina unayoitaka akikubali kukufanyia kipimo hiki, umepata taarifa bora kuliko tangazo lolote.

Unaacha nini nyuma?

Hapa ndipo uamuzi ulipo. Faida ya mafuta haimo ndani ya skuta peke yake. Imo kwenye tofauti kati ya skuta na kile unachokiacha. Tuchukue mfano wa mtu anayetoka Mjini kwenda kazini Tunguu na kurudi, tumpe kilomita 30 kwa siku, siku 22 za kazi. Ni kilomita 660 kwa mwezi. Petroli tuihesabu shilingi 3,000 kwa lita ili tusisumbuke na senti. Wewe weka bei ya mwezi huu.

Mwenye gari la kilomita 10 kwa lita anatumia lita 66, yaani shilingi 198,000. Akipanda skuta ya kilomita 40, anatumia lita 16 na nusu, shilingi 49,500. Anabakiwa na 148,500 kila mwezi. Huyu ana hoja.

Sasa mwenye pikipiki inayokwenda kilomita 45 kwa lita. Mwezi wake ni shilingi 44,000. Anataka skuta ya kilomita 50, ambayo mwezi wake ni 39,600. Anaokoa shilingi 4,400. Kama skuta hiyo inauzwa milioni tatu, itamchukua zaidi ya miaka 56 kurudisha pesa yake kwa njia ya mafuta. Hata akiiuza pikipiki yake milioni moja na nusu, bado ni zaidi ya miaka 28. Huyu akitaka skuta kwa sababu nyingine sawa, lakini neno mafuta aliondoe kwenye maelezo yake.

Kinachowachanganya watu ni namna tunavyoipima. Kutoka 40 kwenda 50 kunasikika kama hatua kubwa, kilomita kumi nzima. Lakini ukigeuza hesabu ukauliza lita ngapi kwa kilomita 100, kama wanavyohesabu Ulaya, picha inakuwa nyingine. Gari la kilomita 10 linakula lita 10 kwa kilomita 100. Skuta ya kilomita 40 inakula lita 2 na nusu. Ya kilomita 50 inakula lita 2. Kushuka kutoka gari kwenda skuta yoyote kati ya hizo kunakupa lita saba na nusu au nane. Kuhama kutoka skuta nzuri kwenda skuta bora kunakupa nusu lita. Kwa hiyo dukani, ukiwa umeshaamua kununua skuta, usikubali kuongeza laki sita kwa sababu moja inafika 50 na nyenzake inafika 40. Kwa safari ya mfano wetu tofauti yao ni shilingi 9,900 kwa mwezi, na laki sita hiyo itarudi baada ya miaka mitano, wakati ambapo skuta yenyewe imeshazeeka. Hiyo laki sita nunulia helmeti mbili za maana, na ibaki.

Turudi kwa kijana wa daladala. Tuseme anapanda gari mbili kwenda na mbili kurudi, shilingi 600 kila moja. Kwa siku 2,400, kwa mwezi 52,800. Petroli ya skuta peke yake ni 49,500, kwa hiyo juu juu anaona ameshinda kwa shilingi 3,300. Lakini nauli ya daladala ndani yake imo tairi, oili, bima na fundi. Mwenye gari ndiye anayebeba. Skuta ikiwa yako, unabeba wewe. Oili kila baada ya kilomita elfu mbili tatu, tairi, mkanda na virola, brekshu, plagi, bima ya mtu wa tatu ambayo ni lazima kisheria: tuweke shilingi 25,000 kwa mwezi. Usipoitoa mwezi huu, mwezi mwingine itatoka kwa mkupuo. Hapo kijana wetu anatumia 74,500 mahali pa 52,800. Amezidisha 21,700.

Na bado hatujaigusa bei ya kununulia. Tuseme kainunua milioni tatu, akakaa nayo miaka mitano, akaiuza milioni moja. Milioni mbili zimeyeyuka katika miezi 60, yaani karibu shilingi 33,300 kwa mwezi. Ukijumlisha na zile 21,700 ni shilingi 55,000 kila mwezi zaidi ya alivyokuwa akilipa nauli. Basi amenunua nini? Kama skuta inampunguzia saa moja ya kusubiri na kubanwa kwa siku, ni saa 22 kwa mwezi, na kila saa imemgharimu shilingi 2,500.

Kwangu mimi hili ndilo swali la kiungwana ambalo kila mpanda daladala anapaswa kujiuliza kabla ya kuingia dukani: saa yangu moja ina thamani ya 2,500? Kwa mama anayefunga duka saa kumi na moja na ana mtoto mchanga nyumbani, ina thamani na zaidi. Kwa fundi wa umeme anayeweza kumaliza nyumba tatu kwa siku badala ya mbili, skuta inajilipa bila ubishi. Kwa mwanafunzi mwenye muda wa kukaa kituoni na kitabu chake, hapana, bado.

Hesabu hii hubadilika ghafla mkiwa wawili. Mume na mke wanaofanya kazi njia moja wanalipa nauli 105,600 kwa pamoja. Skuta moja inawabeba wote kwa 74,500, hata mafuta yakiongezeka kidogo kwa uzito. Kile kinachobaki kinakaribia kulipia uchakavu wa skuta, na saa wanazookoa ni za watu wawili.

Yupo na wa nne ambaye barazani hasikiki, naye ni miongoni mwa wanaofaidika zaidi: mtu anayepanda bodaboda kila siku. Akilipa 4,000 kwenda na 4,000 kurudi, mwezi wake ni 176,000. Akiendesha mwenyewe anabakiwa na laki moja na zaidi baada ya mafuta na matunzo. Watu wa aina hii ni wengi, na hawajihesabu, kwa kuwa pesa inatoka kidogo kidogo.

Kwa mwenye gari, nami nimwekee tahadhari. Ukitoa matunzo ya skuta, faida yake ya 148,500 inakuwa 123,500, na milioni tatu zinarudi kwa miaka miwili na kidogo. Hiyo ni kama ataipanda kila siku. Masika ikiingia, mwezi wa nne na wa tano, mvua ya Unguja haimwachii mtu wa skuta hata kwa koti. Kama theluthi ya siku atarudi kwenye gari, faida inashuka hadi 74,000 na pesa inarudi baada ya miaka mitatu na miezi mitano hivi. Na gari lililopaki linaendelea kudai: bima inakwisha lile lipo, betri inakufa, tairi zinakauka. Anayeuza gari kabisa ana hesabu tamu zaidi, lakini hapo ameamua jambo la familia nzima, na siku ya mgonjwa usiku wa manane skuta haitamfaa.

Faida moja ya mwenye skuta haisemwi vya kutosha. Petroli ikipanda shilingi 100 kwa lita, mwenye gari la mfano wetu anaongeza 6,600 kwa mwezi. Mwenye skuta anaongeza 1,650. Bei ikitangazwa, analala.

Vespa ya zamani

Huwezi kuandika habari hizi Zanzibar ukaacha vespa. Hapa kwetu zimezoeleka miaka na miaka, PX hasa, na wapo wanaoamini kwamba vespa yoyote inakula kidogo kwa sababu ni ndogo. Si kweli, na inafaa kujua kwa nini.

Kampuni ya Piaggio ya Italia ilikuwa ikitengeneza ndege, na kiwanda chake cha Pontedera kilibomolewa kwa mabomu wakati wa Vita vya Pili. Vita vilipokwisha ilihitaji kitu cha bei nafuu cha kuuzia watu waliokuwa hawana chochote, na mhandisi wa ndege Corradino D'Ascanio akachora Vespa, iliyotoka mwaka 1946. Kazi ya ndege imo ndani yake mpaka leo: gurudumu la mbele limeshikwa upande mmoja tu, kama la ndege, ndiyo maana unalifungua kama la gari. Injini imekaa pembeni ya gurudumu la nyuma bila cheni. Mwaka 1948 kampuni hiyo hiyo ikatoa Ape ya magurudumu matatu, na bajaji zetu ni wajukuu wa ukoo huo.

Lakini injini ya vespa ya zamani ni ya tustroki, yaani ya mapigo mawili ya pistoni. Haina vali kwenye silinda. Petroli mpya inaingia kwenye silinda wakati moshi unatoka, na sehemu ya petroli hiyo inatoroka na moshi kabla ya kuungua. Unanusa kabisa ukiwa nyuma yake. Kwa hiyo vespa ya cc 150 iliyo nzima utaikuta kwenye kilomita 30 hivi kwa lita, pungufu ya skuta ya kisasa ya fostroki, ya mapigo manne. Juu ya hapo kuna oili ya kuchanganya, mililita 20 kwa kila lita ya petroli. Ukiizidisha, plagi inachafuka na bomba linajaa masizi. Ukiipunguza, pistoni inakamata, na hiyo ni gharama ya kufungua injini.

Kwa safari yetu ya kilomita 660, vespa hiyo inataka lita 22, shilingi 66,000 kabla ya oili. Bado ni theluthi ya gari. Anayeipenda kwa bodi lake la chuma, kwa gurudumu la akiba lililofichwa ubavuni, kwa mafundi wanaoijua vizuri, aichukue kwa moyo mweupe. Anayetaka kubana mafuta, aangalie kwingine.

Yasiyoonekana kwenye lita

Skuta ina uwazi mbele ya kiti, na jambo hilo dogo ndilo lililoifanya ipendwe mji wenye kanzu na mabaibui. Huinui mguu kupita juu ya tenki. Mwanamume aliyetoka kuoga kwa ajili ya Ijumaa anafika msikitini kanzu haijaguswa na matope, kwani ngao ya mbele imeyazuia. Chini ya kiti unaweka mkoba, na kwenye sakafu unasimamisha ndoo. Mwanamke anayeanza kuendesha hana haja ya kujifunza klachi na gia. Mambo haya hayana namba, lakini ndiyo yanayoamua kama chombo kitatumika au kitakaa uani.

Upande wa pili ni magurudumu. Skuta nyingi zina magurudumu ya inchi 10 au 12, wakati Boxer ina ya inchi 17. Gurudumu dogo linazama kwenye shimo ambalo kubwa lingelipita juu. Kama njia yako ya mwisho, kutoka lami hadi nyumbani, ni mawe, mchanga na mabwawa ya maji, pikipiki ni chaguo bora na nisingekushauri vinginevyo. Mchanga mzito ni adui wa skuta. Lami na mitaa ya mjini ni kwake.

Usalama nausema kwa uzito wake wote. Uchambuzi uliokusanya tafiti nyingi ulionesha kuwa helmeti hupunguza uwezekano wa kufa katika ajali ya pikipiki kwa asilimia 42 hivi, na wa kuumia kichwa kwa asilimia 69. Helmeti ya kweli ina povu gumu ndani na kamba inayofungwa kidevuni. Ile nyembamba ya ganda tupu ni ya kukwepa faini. Iingize kwenye bei ya skuta tangu siku ya kwanza, yako na ya abiria wako. Kama pesa haitoshi kwa skuta na helmeti mbili, basi haijatosha kwa skuta.

Kabla ya kuchagua aina, pita kwanza kwenye maduka ya spea. Uliza mkanda wa skuta hiyo upo na ni bei gani. Uliza virola, brekshu, kioo cha taa. Mkanda hubadilishwa baada ya kilomita elfu ishirini na kitu, na ukikatika njiani skuta haisogei hata hatua. Skuta ya bei rahisi ambayo mkanda wake unaagizwa na kusubiriwa mwezi mzima ni ghali kuliko zote. Uliza pia kama ni ya kabureta au ya kupuliza mafuta kwa umeme. India ilibana viwango vya moshi Aprili 2020, na tangu hapo skuta zinazouzwa huko ni za kupuliza. Zinawaka vizuri na kubana mafuta, lakini hazivumilii petroli ya chupa yenye maji na uchafu, na fundi wa kabureta chini ya mwembe hataweza kuzisaidia bila kifaa cha kusoma hitilafu.

Wapo wanaouliza kuhusu skuta za umeme. Kwa mafuta hakuna mashindano: chombo cha namna hii hutumia takriban uniti 3 kwa kilomita 100. Kwa kilomita zetu 660 ni uniti 20. Ongeza zinazopotea wakati wa kuchaji, sema 25. Uniti ikiwa shilingi 350, mwezi wako ni 8,750. Ila betri ni mafuta uliyoyanunua kwa pamoja mbele, na ikichoka unalipa tena sehemu kubwa ya bei ya chombo. Kigali na Nairobi kampuni kama Ampersand zimelipita tatizo hilo kwa vituo ambako dereva anaacha betri tupu na kuchukua iliyojaa, na betri haiwi mali yake. Mahali ambapo kituo cha namna hiyo hakipo, dai dhamana ya betri kwa maandishi, miaka na kilomita, na ujue ni nani atakayeitimiza hapa hapa.

Na kama unanunua iliyotumika, nenda asubuhi bila kumpa muuzaji muda wa kuipasha moto. Gusa bomba la moshi. Likiwa la moto, kuna kilichofichwa kwenye kuwaka kwake. Iwashe, ikae, halafu zungusha mkono wa mafuta uangalie nyuma: skuta ya fostroki ikitoa moshi wa buluu, inaunguza oili, na ringi za pistoni zinakungoja. Omba kifuniko cha mkanda kifunguliwe, ukunje mkanda kidogo utafute nyufa. Kwenye vespa, inua mpira wa sakafuni, kwa sababu chumvi ya bahari huanza kuila chuma pale pasipoonekana, na sakafu iliyotobolewa na kutu ni kazi ya kuchomelea. Ikiwa chombo kimesajiliwa Bara na wewe uko Unguja, au kinyume chake, pata maelezo ya usajili na ushuru kwa wahusika kabla ya kutoa hata shilingi. Kisha chukua kadi, piga magoti, linganisha namba ya chesisi na ya injini herufi kwa herufi. Zikitofautiana hata kwa tarakimu moja, mrudishie funguo zake uondoke, hata bei iwe ya kutupa.